Bomba Nyuma ya Jiko la Bibi

Baba mdogo alipoamua kufyeka magimbi ya bibi, alimwarifu bibi baada ya kumaliza kufyeka. Ndivyo anavyoomba ruhusa. Alisimama katikati ya majani yaliyolala chini, panga mkononi, tai shingoni kwa sababu alikuwa anawahi kazini mpakani, hapa Tunduma, akasema, "Mama, hapa nachimba choo cha wapangaji. Magimbi nitakuwa nakununulia sokoni."

Bibi alikuwa mlangoni mwa jiko, ameshika sufuria ya maji ya vyombo. Alimwangalia kwa namna ambayo mtu mwingine angeona aibu. Baba mdogo kitu hicho hakupewa.

"Choo hakiwezi kukaa upande ule?"

"Upande ule kuna gari, mama."

Bibi aliangalia upande ule. Kulikuwa na kuku. "Gari lipi?"

"Litakalokuja."

Baba mdogo ni wakala wa forodha, kwa maelezo yake mwenyewe. Ninavyomwona mimi nikitoka shule, anakimbiza makaratasi ya madereva kutoka dirisha moja kwenda jingine, tai imerushwa begani, na madereva wanampigia filimbi kama wanaita bodaboda. Nyumba ni ya bibi, aliachiwa na babu, lakini baba mdogo ameizungushia vyumba vya kupangisha mpaka nyumba yenyewe imebaki katikati kama mgonjwa aliyezungukwa na ndugu wanaosubiri urithi. Mimi naishi humo kwa sababu mama yangu anafanya kazi mbali, akaniweka kwa bibi kama mzigo unaosubiri kibali. Nasoma kidato cha tatu. Ni msichana, na jambo hilo lina umuhimu kwenye hadithi hii kuliko linavyokuwa darasani.

Yale magimbi yaliota nyuma ya jiko, pale yanapoishia maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo, kwa hiyo ardhi ilikuwa tope kiangazi na masika. Majani yake yalikuwa makubwa, ukijificha chini yake unaweza kukwepa kutumwa dukani. Nilijaribu mara moja nikiwa mdogo, bibi akanitoa kwa sikio. Hakuwa akiyauza, hakuwa akiyala sana, na hakuna aliyeruhusiwa kupalilia pale ila yeye. Tuliona ni uzee. Mzee akifanya jambo usilolielewa, unasema ni uzee halafu unaendelea na mambo yako.

Fundi wa shimo alikuwa kijana aliyetoka huko Mkwajuni, alikochoka na mashimo ya dhahabu, akaja mjini kuchimba mashimo ya vyoo. Alisema kazi ni ile ile ila huku una uhakika na kitakachopatikana. Alipiga sururu asubuhi hiyo hiyo, na sururu ikalia kama imegonga kengele.

Lilikuwa bomba la chuma, limesimama wima ardhini, nene kama mkono wangu kwenye kiwiko. Mdomo wake ulikuwa umechomoza kidogo tu juu ya udongo, hata kwato la mbuzi linachomoza zaidi. Kutu ilikuwa imelila mpaka likawa na magamba. Na mdomo ulikuwa umezibwa kwa gunzi la mahindi.

Mimi niliangalia lile gunzi. Bomba lilikuwa la kale, gunzi lilikuwa la msimu huu. Hakuna mwingine aliyeliona hilo. Watu wazima wakiona kutu wanaacha kufikiri, wanaanza kuota.

Wa kwanza kuota alikuwa jirani yetu, mwanamke anayeuza petroli kwenye chupa za maji. Alikuja hajaitwa, akapiga magoti, akachomoa gunzi, akaingiza pua. Alinusa kama mtu anayechagua samaki.

"Hili ni lile bomba la mafuta linalokwenda Zambia," akasema.

"Lile linapita mbali huko," fundi akasema.

"Mbali ndiyo. Hili ni tawi lake." Akasimama, akajifuta magoti. "Mimi mafuta nayajua kuliko mume wangu ninavyomjua."

"Mumeo tunamjua wote," baba mdogo akasema, na jirani akacheka zaidi ya sisi, kwa sababu ni kweli.

Fundi alikuwa na ndoto yake. Kwa watu waliochimba dhahabu, chuma chochote kilichofukiwa ni cha Mjerumani. Alieleza kwamba Wajerumani walipokimbia vita walifukia mali zao na kuweka alama, na alama mojawapo ni bomba. Nikamuuliza kama Mjerumani alipita hapa nyuma ya jiko la bibi akiwa anakimbia, alipata wapi muda wa kugongomea bomba. Akaniangalia kwa huruma. "Wewe endelea na shule."

Lakini baba mdogo alikuwa ameshapata lake. Nililiona likimpanda usoni kama homa. Aliinama, akashusha sauti, akasema neno ambalo mpakani kwetu limemaliza akili za wanaume wengi kuliko pombe.

"Zebaki."

Kama hujui, kuna watu wanaamini vitu vya kale vina zebaki nyekundu ndani yake, na zebaki hiyo ina wanunuzi wasiojulikana wenye fedha zisizohesabika. Wamevunja cherehani za mama zao. Wamevunja redio za baba zao. Sijawahi kuona mmoja aliyeipata, lakini nimeona nyumba nyingi zisizo na cherehani.

Wakati wanabishana, mimi nikafanya ninachofanya siku zote pakiwa na watu. Nilijilaza kifudifudi, nikaweka mdomo kwenye bomba, nikaita kwa sauti ya konda, "Hodi huko chini! Wenye nyumba mpo? Kodi imepanda!"

Sauti ilirudi imekuwa nzito, wote wakacheka. Nikaweka sikio. "Wanasema maji yamekatika," nikawaambia.

Kofi lilitua kabla sijamaliza kucheka. Bibi hajawahi kunipiga. Sikio lilipiga filimbi mpaka mchana. Niliinua uso nikamkuta amesimama juu yangu, sufuria imeanguka, na nikaelewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba gunzi lile ni la kwake, na kwamba angenipiga tena.

"Toka hapo," akasema. Hakusema kwa nguvu. Baba mdogo akasema mama ameanza kuogopa mizimu, uzee huo.

Kesho yake alinikalisha jikoni kupukuchua mahindi. Yeye ana namna yake ya kusema mambo makubwa, anasubiri mikono yako iwe na kazi ili usipate pa kuiweka.

"Wewe umeshakuwa mwanamke," akaanza.

Nikasema shuleni wameshatufundisha hayo, kuna mchoro ukutani.

"Nyamaza."

Bibi alipukuchua gunzi zima kabla hajaendelea.

Mtoto wake wa pili, akasema, yule aliyezaliwa baada ya baba yangu, alilia kidogo, akafa kabla ya kunyonya. Kwa akina bibi, mtoto aliyekufa kitovu hakijadondoka hana msiba. Hana jina, hana matanga, hapikiwi, haliliwi. Wanaume hawaambiwi alipolala na hawaulizi. Wanaona mimba haipo na mtoto hayupo, wanaenda shambani. Wanawake ndio wanaomchukua, wanamzika nyuma ya jiko, palepale panapomwagwa maji, ili ardhi isikauke. Ardhi ikikauka juu yake, na tumbo la mama linakauka.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?" nikauliza.

"Sikuonyeshwa."

Tukapukuchua.

"Maziwa hayajui kwamba mtoto amekufa," bibi akasema. "Yanakuja tu. Nilikuwa nakamulia ukutani, nje hapo, kama mwendawazimu. Mama mkwe wangu akanikuta. Alikuwa mwanamke mkali yule, hakunipenda hata siku moja. Aliniangalia, akaondoka. Akarudi na kipande cha bomba walichotupa mafundi wa maji ya kanisa. Akatoboa mwisho wake kwa msumari, vitundu vidogo vidogo. Akaligongomea pale yeye mwenyewe, kwa jiwe. Akaniambia, mnyonyeshe, halafu nisikusikie."

Mimi kuchekesha ndiyo kazi yangu. Darasani, msibani, kwa daktari wa meno. Nilitafuta kitu cha kusema kuhusu bomba na maziwa, na kilikuwepo, tena kizuri, nikakimeza. Kimenikaa kooni mpaka leo.

"Mpaka lini?"

"Mpaka yalipokauka. Baadaye nikawa nampa maji. Asubuhi kikombe kimoja, kabla sijanywa mimi."

"Mpaka leo, bibi?"

"Wewe ukifa utaacha kusikia kiu?"

Nikamuuliza tu kwa nini asimwambie baba mdogo. Maneno machache yangetosha: hapo kuna ndugu yako, chimba kwingine.

Bibi aliacha kupukuchua. "Huyo ndiye asiyetakiwa kabisa. Huyo ndiye aliyemfuata." Akaangalia mlango kama baba mdogo anaweza kutokea. "Aliyefuata akiambiwa nani alimtangulia, aliyetangulia anamwita. Nimezika mmoja. Nimelea huyu kwa kunyamaza, amekuwa mtu mzima, ana tai. Leo nimtaje kwa sababu ya choo?"

Hapo ndipo nilipopata sababu ya kuwa msichana. Angekuwa mjukuu wa kiume amekaa pale, bibi angekufa nayo. Kama wewe unayesoma ni mwanaume, basi umeshaambiwa, lakini hukumfuata yule mtoto, kwa hiyo lala salama. Na baba mdogo hasomi kitu kisicho na picha ya gari.

Mnunuzi wa zebaki alivuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, katikati ya wiki. Alikuwa na suti ya bluu, viatu vilivyochongoka, na mkoba mdogo ambao hakuuweka chini hata alipokuwa anakula. Alimsalimia bibi kwa Kibemba, kwa adabu zote, "Mulishani, bamayo," na bibi akamwitikia vizuri, maana ana binamu zake upande ule, na adabu kwake haina uhusiano na unachokuja kufanya.

Mkobani akatoa vipimo vyake vya zebaki, kioo cha kunyolea na kitunguu saumu kilichofungwa kwenye uzi. Baba mdogo alikuwa anapumua kwa mdomo. Nikamsogelea, nikamnong'oneza kwamba nimesikia zebaki inamkataa mtu aliyevaa tai.

"Nani kasema?"

"Muulize mwenyewe."

Akamuuliza. Yule bwana alinitazama, mimi nikamtazama, tukajuana. Wezi wa kazi moja wanajuana hata sokoni. "Ni kweli, mukwai," akasema kwa upole, kwa neno lao la heshima. "Tai inafunga njia." Baba mdogo akavua tai, akaiweka mfukoni, akabaki na shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nilifurahi hadi nikasahau kidogo kilichokuwa kinafanyika.

Kitunguu kilishushwa ndani ya bomba, polepole, kikapandishwa. Kilikuwa kimelowa. Yule bwana akakiinua juu ili wote tukione kinavyodondosha.

"Mzigo unapumua," akasema.

Nilimwangalia bibi. Yalikuwa maji yake ya asubuhi ile.

Bwana akaeleza kwamba bomba halitakiwi kuvunjwa. Litang'olewa zima, mbele ya macho yake, siku atakayokuja na vyombo, na kabla ya hapo anatakiwa ale jogoo wa nyumba hii. Jogoo akaliwa. Baba mdogo alimsindikiza mpaka mpakani akimshikia mwavuli, na jua lilikuwa linawaka.

Jioni hiyo, bibi alidanganya. Namjua bibi: hawezi hata kusema uji umeiva kama haujaiva. Kusema uongo alisema kama mtu anayevuka barabara ya malori kwa mara ya kwanza, alisimama, akajirudi, akafumba macho, akaenda.

"Baba," akamwambia mwanawe, maana ndivyo anavyomwita, "lile bomba ni la mafuta. Jirani alisema kweli."

Baba mdogo aliacha kutafuna. "Nani kakwambia?"

"Baba yako alipokuwa hai walikuja watu wa kofia ngumu. Wakasema tusiliguse. Tulifukie tu, tuliache."

Niliona kwamba ni uongo mzuri. Hata mimi ningejivunia. Zebaki iliondoka usoni mwa baba mdogo palepale, ikaja rangi nyingine. Kwa sababu mtu wa Tunduma akisikia bomba la mafuta haoni mafuta. Anaona X. Anaona kijana wa serikali na kopo la rangi nyekundu, anachora alama kwenye ukuta wako, hakusalimii, hakulipi, anaenda ukuta unaofuata. Nyumba iliyochorwa X hainunuliwi, haipangishwi, hairithiwi. Inasubiri tu kubomolewa, kama mtu aliyeambiwa na daktari.

"Mbona hukusema mapema?" sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Ulifyeka hujaniuliza."

Usiku ule baba mdogo hakumaliza chakula. Asubuhi alimpigia yule bwana wa Nakonde akamwambia asije tena, akafukuza fundi, akaweka mabati juu ya eneo lote na mawe juu ya mabati. Bibi alisubiri atoke, akanyanyua bati kwenye kona, akaweka gunzi jipya. Alirudi jikoni anaimba wimbo wa kwaya. Nikamwambia, "Bibi, wewe ni tapeli mkubwa kuliko Mzambia." Akanirushia punje ya mahindi. Zilikuwa siku nzuri, na nyumba nzima ilipoa. Nilidhani tumemaliza.

Kosa la bibi lilikuwa dogo. Alidhani mtu akiogopa kitu atakiacha. Hiyo ni hofu ya watu wa zamani. Baba mdogo amekulia mpakani, na mpakani ukiwa na kitu cha kuogopesha hukiachi, unakiondoa kabla mkaguzi hajafika.

Alisubiri Jumapili, bibi akiwa kanisani na kina mama wenzake. Mimi nilibaki kupika. Nikasikia geti, nikamwona baba mdogo anaingia na utingo wa lori mmoja, mnene, wamebeba jeki ya lori na mnyororo. Nyuma yao yule fundi aliyefukuzwa, na mifuko ya saruji kwenye toroli.

Wakaondoa mabati.

"Baba mdogo, unafanya nini?"

"Naokoa nyumba ya bibi yako. Rudi jikoni."

"Bibi alisema lisiguswe."

"Bibi yako anafikiri wale watu wa kofia ngumu wamekufa. Wana ramani. Siku wakija wakakuta bomba, X. Wakikuta sakafu, wanapita." Alikuwa anafunga mnyororo mwenyewe. Alikuwa amevua tai, safari hii bila kuambiwa na mtu. "Nani anataka bibi alale nje? Wewe?"

Mnyororo ukazungushwa shingoni mwa bomba. Utingo akaweka jeki juu ya ubao.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Mimi siamini kwamba mtoto wa siku moja anaweza kumwita mtu mzima mwenye kitambi akaenda. Ningeyasema ningeliokoa bomba, na baba mdogo angeishi, nina uhakika, angeishi na kuendelea kutusumbua. Lakini bibi hana uhakika huo. Kila angekohoa, bibi angemsikia anaitwa. Kila angechelewa kurudi, bibi angekaa getini. Kwa hiyo nikasema ujinga. Nikasema bomba likitoka dunia itatoka upepo, tutarushwa mpaka Zambia bila pasipoti. Utingo alicheka. Baba mdogo alisema, "Huyu mtoto akikosa mume msinilaumu," akasukuma mkono wa jeki.

Lilitoka polepole, likilalamika, kama jino la mtu mzima. Mwisho wake wa chini ulitokea umebeba tope jeusi, na baba mdogo akaupangusa kwa kiganja. Vile vitundu vikaonekana, vimepangwa kwa mstari kuzunguka bomba lote. Mtu alikuwa amevitoboa kwa uangalifu, akihesabu nafasi.

"Mnaona?" baba mdogo akasema, na alikuwa na furaha ya mtu aliyethibitishiwa. "Hii ni filta. Hapa mafuta yanachujwa. Nilikuwa najua."

Utingo akatikisa kichwa kwa heshima. Fundi naye akakubali, Mjerumani hakuwa na filta. Hivyo ndivyo bomba letu lilivyotambuliwa, na wataalamu watatu, na hakuna aliyepinga.

Wakafukia shimo, wakashindilia kwa miguu. Baba mdogo alirukaruka hapo na viatu vyake vya kazini, anashindilia, jasho linamtoka, anamwimbia fundi wimbo wa kumtia moyo. Kisha wakamwaga zege kuanzia ukuta wa jiko mpaka uzio. Wakisawazisha upande mwingine, mimi nilichuchumaa nikadidimiza kizibo cha soda kwenye zege bichi, pale hasa. Kilikaa vizuri, chekundu, kama jicho. Fundi hakukiona. Baba mdogo alikiona. Alikichokonoa kwa ncha ya mwiko, akakitupa, akalainisha pale mara mbili, kwa upendo kabisa, kisha akaniambia, "Unaweka uchafu kwenye kazi ya watu."

Bomba lenyewe hakulitupa. Wauza vyuma chakavu wanaongea, akasema. Choo cha wapangaji kilihamia upande ule wa gari litakalokuja, na bomba likawekwa juu yake kutolea harufu, limesimama wima, limepakwa rangi ya bluu, vile vitundu juu. Alijisifia hilo kuliko yote. Nani atakwenda kutafuta bomba la mafuta juu ya choo?

Bibi alirudi kutoka kanisani na kitabu chake cha nyimbo kwapani. Aliliona zege kutoka getini. Alitembea mpaka kwenye ukingo wake, akasimama, viatu vya kanisani vikigusa pale linapoanzia. Lilikuwa bado linang'aa maji.

Baba mdogo alikuja anafuta mikono. Alikuwa na uso ule alioubeba, nadhani, siku alipomletea matokeo ya darasa la saba.

"Mama, limetoka. Zima. Hakuna mtu atakayekutoa hapa tena, mpaka unakufa."

Bibi alimwangalia. Aliangalia kichwa, mabega, tumbo, kama mama anayemkagua mtoto aliyedondoka kama ameumia. Aliona hajaumia.

"Ahsante, baba," akasema.

"Umefurahi?"

"Nimefurahi. Mkono wako una damu. Kanawe, ule."

Akaingia ndani, akavua gauni la kanisani, akalikunja. Tukala ugali na maharage yaliyoungua chini kwa sababu nilikuwa nje. Alimmegea baba mdogo ukoko, anaupenda. Hakulia. Mtoto yule haliliwi, sheria ile haikubadilika kwa sababu ya zege.

Zege lilipokauka aliniita, baba mdogo akiwa kazini. Tulisimama wawili, mbele yetu sakafu ya kijivu, tupu, kama ubao wa darasani wakati wa likizo. Mpangaji wa chumba cha mwisho, anayebadilisha kwacha mpakani, alikuwa anafulia soksi zake katikati.

"Ni wapi?" bibi akaniuliza.

Nilipajua. Ukisimama kwenye mlango wa jiko, ukaangalia nguzo ya pili ya uzio, ni kati ya hapo na hapo. Ni pale mpangaji alipoweka beseni. Niliweza kumwonyesha kwingine, kwenye kona safi, na akili yangu ilikuwa imeshachagua kona. Lakini alikuwa ameshadanganya mwenyewe na ameona inavyolipa. Nikamwonyesha beseni.

Bibi akasubiri mpangaji amalize. Alisalimiana naye, akamuuliza habari za nyumbani. Mpangaji alipoondoka, akaenda na kikombe, akainama pale, akamwaga maji.

Hayakuingia. Yalikaa kidogo juu ya saruji, yakajipanga, yakatafuta mteremko ambao fundi aliuweka kwa ufundi wake wote, yakakimbilia mtaroni, yakapita chini ya uzio, yakaenda kwa jirani wa petroli. Bibi aliyafuata kwa macho mpaka yalipokwisha. Akarudi kujaza kikombe.

Anafanya hivyo kila asubuhi. Ile sehemu imeanza kuota ukijani, na mpangaji wa kwacha ameteleza hapo, akashitaki kwa baba mdogo. Baba mdogo alimkalisha mama yake chini kwa upole, alikuwa mpole kweli, hilo siwezi kumnyima.

"Mama, haya maji unamwaga ya nini?"

"Naosha sakafu, baba."

"Kikombe kimoja kimoja?"

"Ndiyo nguvu nilizo nazo."

Iliingia moyoni mwake. Niliona inaingia. Jioni alirudi na brashi ya kusugulia sakafu, ya mpini mrefu mwekundu, na bei bado imebandikwa, akamkabidhi bibi mbele ya wapangaji wote ili asipate tena shida ya kuinama. Akamwonyesha jinsi ya kuitumia. Alianzia pale penye ukijani, akasugua kwa nguvu, mpaka pakawa peupe.